Spana ya Kipimo

Fundi yule walimwita Mizani, na jina hilo hakulipata bure. Miaka thelathini alikuwa akikaza boliti za baiskeli kwa mkono mtupu, na hakuna hata moja iliyowahi kulegea njiani. Ukimuuliza anajuaje kuwa sasa inatosha, anakuonyesha kiganja. "Hiki ndicho kinachoniambia," anasema, halafu anakutazama mpaka ujute kuuliza.

Basi binti wa marehemu kaka yake alipoamua kujiundia baiskeli nyepesi ya mashindano, angekwenda kwa nani mwingine? Miaka miwili alileta kitu kimoja kimoja kwenye banda la baba yake mdogo, na kila alicholeta kilipimwa kwanza kwenye mizani ya ndoana iliyoning'inia juu ya meza. Fremu ya kaboni. Magurudumu ambayo ukiyainua unadhani umeshika ungo. Kiti chembamba, kigumu kama kigae. Mwisho akaleta foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, nayo ya kaboni tupu, hata lile bomba lake la juu linalopita ndani ya fremu na kushika usukani. Siku baiskeli ilipokamilika wakaitundika, mshale ukasimama kwenye kilo saba kasoro. Ile yake ya zamani, ya chuma, ilikuwa na kilo kumi na mbili.

"Sasa kilichobaki kizito ni mimi," binti akasema.

"Wewe punguza maneno," Mizani akamjibu. "Hayo ndiyo mazito."

Siku hiyohiyo binti akamwekea mezani kisanduku chembamba. Ndani mlikuwa na spana ya kipimo: unaweka namba, unakaza, na ikifika hapo inalia tik, kukuambia basi. "Kaboni si chuma, baba mdogo. Chuma kikizidiwa kinapinda, unakiona. Hii inapasuka kwa ndani huku inakuchekea." Mizani akashukuru, akakiweka kisanduku juu ya kabati, pembeni ya saa ya ukutani iliyokufa zamani. Mtu aitwe Mizani, halafu anunuliwe kipimo! Ilimuuma, ila hakusema.

Asubuhi ya mashindano wakafika mapema, baiskeli mbili zikiwa nyuma ya gari, mpya na ile ya chuma ya akiba. Watano wa kwanza ndio wangeingia kwenye timu. Mwakani umri wa binti ungekuwa umepita, kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena. Njia ilipanda mlima mrefu, kisha ikashuka kona kwa kona, na kwenye mteremko ule hakuna aliyeshika breki kama alitaka kushinda.

Ikiwa imebaki robo saa, binti akaomba usukani ushushwe kidogo. Mizani akachomoa alenki mfukoni, kile kichuma kilichopinda cha kufungia boliti.

"Umekuja na kipimo?"

"Ninacho," akasema, akainua kiganja.

Binti akacheka, kwa kuwa alikuwa na haraka. Mafundi wa timu kubwa walikuwa hatua chache kutoka hapo, na vifaa vyao vimepangwa kwenye kitambaa cheupe, wakimtazama mzee mwenye alenki moja. Mizani akajua anatazamwa. Akashusha usukani, akakaza boliti mbili zinazoubana kwenye lile bomba la foki, akasikia zimefika. Halafu akaongeza robo mzunguko. Robo hiyo alikuwa nayo tangu ujana, aliiita robo ya heri, na kwa chuma ilikuwa imewaokoa watu wengi.

Tik.

Kasauti kadogo, kama ukucha ukikatwa. Hakuna aliyegeuka. Mizani akainama, akapitisha kidole, hakuona kitu. Labda ni rangi iliyopasuka. Labda ni boliti imekaa sawa. Lakini kiganja kile kile alichokuwa akijisifia kilikwisha kumwambia si rangi.

"Tayari?" binti akauliza.

"Tayari," akasema.

Haya, ndivyo alivyosema. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu. Binti akapanda, akamgusa bega, akaenda kwenye mstari.

Mama wa binti akaja akiwa na kikapu cha chupa za maji. Tangu mumewe afariki, kila kilichohusu baiskeli alimwachia shemeji yake, maana yeye mwenyewe mteremko ule hakuweza hata kuutazama. "Shemeji," akasema, "jana nimelala usingizi mzuri. Nikajiambia, kama kaifunga yeye, mwanangu atarudi."

Mizani angesema nini? Akikimbilia mstarini, dunia nzima itajua Mizani amepasua foki ya mtoto wa kaka yake, tena kwa kiburi, na kipimo kiko juu ya kabati. Asiposema, huenda ni rangi tu, na binti akashinda, na hakuna atakayejua. Akajaribu kuishika hiyo huenda, nayo ikawa inamponyoka. Alichokiona ni kona ya tatu, na usukani ukibaki mikononi mwa mtoto bila kushikwa na chochote. Dakika zikaenda, kumi nzima.

Kipaza sauti kikasema zimebaki dakika tatu. Hapo ndipo miguu ikaondoka yenyewe.

Akapenya kati ya washindani, akashika usukani. "Shuka."

"Baba mdogo, tunaanza."

"Shuka, mwanangu. Nimeipasua."

Watu wakageuka, binti akashuka. Mmoja wa mafundi wa timu kubwa akaja, akainama, akamulika kwa tochi, akatazama juu na chini. "Sioni ufa," akasema. "Hii ni nzima, mzee."

Binti akamtazama baba yake mdogo, na macho yake yalikuwa yakimwomba akubali. "Umesikia? Ni nzima."

"Nishikie gurudumu," Mizani akamwambia yule fundi. Fundi akalibana kwa magoti. Mizani akashika usukani kwa mikono miwili, akausukuma kwa uzito wake wote. Haukutikisika. Akasukuma mara ya pili. Kimya. Mtu nyuma akaguna kwamba mzee amechanganyikiwa, na msimamizi akamwambia atoke njiani. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Mizani akawaza kwamba huenda leo anamharibia mtoto maisha kwa ajili ya rangi. Akasukuma ya tatu.

Ikakatika kama bua. Usukani ukabaki mikononi mwake, ukining'inia kwa nyaya za breki, na bomba jeusi likaonyesha nyuzi zake.

Binti akatazama pale palipokatika, akatazama mteremko kule mbali, kisha akamtazama yeye.

"Umejua saa ngapi?"

Angeweza kumdanganya. "Pale pale nilipokaza."

"Dakika kumi na mbili, baba mdogo. Ile ya chuma iko kwenye gari. Ningeishusha, ningepasha misuli, ningeanza na wenzangu."

Akakimbia. Akaanza na ile ya kilo kumi na mbili wakati wenzake wameshapotea kwenye kona ya kwanza, na mlima mzima akawa anawapita mmoja mmoja. Akamaliza wa saba. Wa tano alimwacha kwa dakika moja na nusu.

Mama yake hakumlaumu shemeji. Alimshika mkono, akalia, akasema asante, na asante ile ilimchoma Mizani kuliko tusi.

Wiki tatu banda likawa kimya. Kisha binti akaingia na foki nyingine, bila salamu ndefu. Akaburuta stuli, akapanda, akakishusha kisanduku kutoka juu ya kabati, akapuliza vumbi. Mizani akanyoosha mkono kuipokea spana.

"Hapana," binti akasema. "Wewe shika baiskeli."

Akaishika. Binti akaweka namba, akaanza kukaza taratibu, na mzee akawa anahesabu pumzi zake mwenyewe. Tik, ikalia. Mzee akashtuka mpaka gurudumu likagonga meza.

"Hiyo ndiyo ya kutosha," binti akamwambia. "Usiiachie baiskeli, bado kuna boliti ya pili."