Muhuri wa Spokane

Kazi yangu ni kuwavunja watu moyo kwa upole. Wanaleta dukani stempu za marehemu babu, wamezifunga kwenye leso kana kwamba ni dhahabu, nami nawaambia zilichapwa kwa mamilioni na haziwezi kununua hata kikombe cha kahawa. Wengine hulia. Mmoja aliwahi kuniita mwizi, na sikumlaumu sana.

Kwa hiyo Marlys Tollefson alipoingia Jumamosi ile na bahasha moja, pole yangu ilikuwa tayari mdomoni. Namjua tangu mdogo. Baba yake, Arvid, ni mwenzangu katika klabu ya stempu hapa Duluth kwa miaka arobaini, na kila Alhamisi ananitania kuwa nimefungua duka ili nipate pa kusinzia. Saa ile Arvid alikuwa duka la vifaa ng'ambo ya barabara, akinunua maboksi. Anauza nyumba, anahamia kwenye makao ya wazee.

Marlys alisema baba yake anataka kuiloweka bahasha ile jioni, abandue stempu, karatasi aitupe. Ameshamwambia haina thamani.

"Lakini ndicho kitu pekee alichoniachia mama," alisema. "Niambie tu ina thamani, Gus. Hata kidogo."

Habari za mama yake tulizijua sote. Joyce aliondoka Oktoba 1976, Marlys akiwa na miaka sita. Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka Spokane, mji wa mbali huko magharibi, ndani ya bahasha hii hii, imepigwa taipu: amechoka, wasimtafute. Polisi waliisoma wakaridhika. Nami niliridhika, Mungu anisamehe.

Nikiwa natafuta kioo changu cha kukuzia, nilimuuliza kama anakumbuka siku zile. Alisema anakumbuka kitu kimoja. Baba yake alikuwa anamwaga zege la sakafu ya gereji, na ili asiendelee kulia alimshika mkono akaubonyeza kwenye zege bichi. Alama ya kiganja chake iko pale mpaka leo.

Stempu ilikuwa ya senti kumi na tatu, ya kuadhimisha miaka mia mbili ya nchi. Nina debe zima la namna hiyo. Ila muhuri wake ulikuwa mzuri ajabu, umekaa katikati, mji na tarehe vinasomeka bila shida. Klabuni tunagombania muhuri kama huo, na Arvid ndiye kinara. Stempu zenye wino uliochafuka huwagawia watoto. Nilikuwa karibu kutania kwamba Joyce alijua mumewe anapenda nini.

Ndipo nikaona ukingo wa chini. Mduara wa muhuri ulikuwa umekatika palepale stempu inapoishia, na karatasi iliyofuata ilikuwa safi kama sahani.

Hilo haliwezekani. Posta hugonga stempu ikiwa tayari juu ya barua, na wino unaozidi huangukia bahasha. Hii iligongwa kwenye barua nyingine, ikalowekwa, ikakaushwa, ikabandikwa hapa kwa gundi. Mtu mwingine yeyote angechukua stempu yenye doa la wino lisilofika ukingoni, asingegundulika. Ni mmoja wetu tu angeshindwa kujizuia kuchagua nzuri.

"Nani aliitoa kwenye sanduku la barua?" nilimuuliza.

"Baba."

Mlango ukafunguka. Arvid aliingia na maboksi yake, theluji mabegani.

"Haya, msinziaji, umeshamwambia? Takataka, sivyo?"

"Ni ya kawaida," nilisema.

"Si nilisema! Lete, Marlys, nikailoweke."

Alinyoosha mkono, kisha akaona kioo changu kimelala juu ya ukingo ule wa chini wa stempu. Miaka arobaini tumechungulia vioo vilevile. Tabasamu lake lilimtoka polepole, na macho yakabaki kwangu.

Niliogopa, sifichi. Ningeweza kusema inapata senti tano, tukaenda kula pai sote watatu. Nilimtazama Marlys, bado anasubiri nimwambie ina thamani, nikaigeuzia bahasha upande wake na kumpa kioo.

"Fuata mduara wa muhuri, hapa chini. Kipande kilichobaki kiko wapi?"

Aliinama kwa muda mrefu. "Hakipo."

"Basi barua hii haikupita posta, Marlys. Hakuna aliyeituma kutoka Spokane."

Nilitaraji Arvid abishe. Klabuni hubishana nami mpaka juu ya tundu moja la pembeni mwa stempu. Aliyaweka maboksi chini, akayapanga vizuri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Gari litapoa. Twende nyumbani, mwanangu."

Marlys hakuinuka. Aliweka kioo juu ya meza, akafungua mkono wake wa kulia, ule uliobonyezwa kwenye zege, akautazama. Kisha akaanza kukifuta kiganja kwenye koti lake, akafuta, akafuta, wala hakuacha hata nilipoinua simu kuwaita polisi.