Sababu: Sawa

Daktari wetu hakuwahi kugusa kompyuta. Tangu tuletewe programu ya kushauri dawa, mimi, nesi wa chumba namba tatu, ndimi niliyeifungua kila asubuhi kwa jina langu na neno langu la siri. Yeye alisema, mimi nikabonyeza.

Programu yenyewe ilikuwa na kiherehere. Ukiandika dawa kali ya kuua bakteria kwa mafua ya kawaida, inakuuliza. Ukikataa ushauri wake, inadai sababu, na haisogei mpaka uandike kitu.

"Andika chochote," Daktari aliniambia siku ya kwanza. "Miaka thelathini natibu watu, leo nijieleze kwa sanduku?"

Tulicheka. Nikaandika "sawa." Baada ya hapo niliandika "sawa" mara nyingi mno, hata vidole vikazoea.

Jumanne moja akaingia fundi cherehani anayetushonea sare, na binti yake. Mama ndiye aliyekuwa na kikohozi na homa. Akanitania kuhusu kiuno changu kinachomfumulisha mishono kila mwaka. Daktari akamsikiliza kifua, akataja sindano.

Skrini ikawa nyekundu: dawa hiyo ilishamvimbisha koo miaka minne nyuma, kwenye zahanati nyingine.

"Daktari, inakataa. Inasema..."

"Mashine haijamshika mgonjwa. Mimi nimemshika. Haya, foleni ndefu."

Fundi alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Hakuna aliyemuuliza. Nami nilikuwa nimesoma. Hilo ndilo linalonikaba hadi leo: nilisoma mstari wote, kisha nikaogopa kuonekana mjuaji. Nikaandika "sawa." Nikamchoma kwa mkono wangu.

Hakufika mlangoni. Tulimchoma dawa ya kumwokoa, tukamwekea hewa, tukahangaika naye sakafuni sote wawili. Koo lilikuwa limeshajifunga.

Kwenye kikao cha uchunguzi Daktari aliinamisha kichwa. Alipoulizwa, alijibu polepole, "Kompyuta siijui. Anayeitumia ni sista." Hakusema uongo hata kidogo, na nilimchukia kwa hilo.

Binti alipewa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye programu. Akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, onyo lote, mpaka chini penye jina langu. Kisha akaniangalia, nimekaa mbele yake ndani ya sare aliyoshona mama yake.

"Sista," akasema, "hapa wameandika sababu, halafu sawa. Sawa nini?"