Picha Nne za Buibui

Miaka ishirini napiga picha za pasipoti, na miaka ishirini nabishana na watu: kaa wima, usicheke, acha kupepesa macho! Nikachoka. Nikanunua lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, nikaanza na buibui wa bafuni kwangu. Alitulia tuli, macho yote manane kanikazia. Mteja ndiye huyo! Kwa mazoea nikamtolea nakala nne, nikazitia kwenye bahasha.

Bahasha zikachanganyika. Shemeji yangu, aliyekuwa anaomba kitambulisho, akabeba ile ya buibui na kuikabidhi ofisini bila hata kuchungulia ndani. Kesho yake akanijia juu studio, dada yangu nyuma yake, akazibwaga picha mezani.

"Zimekataliwa!"

"Niwie radhi, shemeji. Huyu ni buibui."

"Buibui gani? Wamesema masikio hayaonekani!"

Dada yangu akainua moja, akaitazama, akamtazama mumewe, akaitazama tena.

"Wamekuonea tu, mume wangu," akasema. "Mbona safari hii umetoka vizuri."