Fomu ya Kuhama kwa Hiari

Jumanne saa tatu asubuhi Bibi Ma Geum-rye alikuwa juu ya paa lake la zege, akifunua mitungi ya mchuzi wa soya ili ipate jua, wanaume kumi na mmoja wenye kofia ngumu za njano walipopanda kilima cha Neungmal. Aliwahesabu, akafunua mtungi wa mwisho, akaufuta mfuniko kwa kitambaa, ndipo akashuka. Hakuwa mtu wa kukimbizwa na kofia.

Nyumba yake ndiyo pekee iliyobaki na mtu. Familia nyingine arobaini tulikuwa tumeshaondoka, baada ya kampuni ya majengo kukata maji, kisha umeme, kisha kubomoa ngazi tulizopandia. Wote tulitia sahihi fomu iliyosema kwamba tumehama kwa hiari. Juu ilikuwa na Kikorea, chini Kiingereza, maana wenye mitaji walikuwa ng'ambo na walipenda kusoma kwamba hakuna aliyeguswa. Bibi Geum-rye peke yake aliirudisha fomu yake imechafuka. Alikikata kitenzi cha Kiingereza kilichodai amehama, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: EVICT, yaani kufurusha.

Neno hilo alilipata kwa Mwalimu Pyo Hak-seon, mstaafu aliyewafundisha Kiingereza wanawake wanane wazee kila Alhamisi, ghorofani juu ya duka la tambi, kitenzi kimoja kwa wiki. Darasa lile tulilijivunia kuliko mitaa mingine inavyojivunia lifti.

"Hili," Mwalimu alieleza siku ile, "ni kumtoa mtu anapokaa, naye hataki, na wewe una karatasi mkononi inayokupa nguvu. Anayetoa yupo, anayetolewa yupo. Ukiona mmoja amefichwa, ujue mtu anadanganya."

"Mwalimu, na kama godoro nilibeba mwenyewe?" aliuliza Bibi Geum-rye.

"Bado ni hilo hilo."

"Na kama nilikunywa chai yao?"

"Hata ukinywa birika zima, Bibi."

Jirani yake, Bibi Chu Ok-hwa, akasimama kutoa mfano: leo jioni anamfurusha mume wake.

"Nyumba ni ya nani?" Mwalimu akauliza.

"Aliniachia mama."

"Basi sentensi ni sahihi."

Walicheka mpaka mwenye duka akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Sasa msimamizi wa wavunjaji, Guk, alisimama mlangoni kwa Bibi Geum-rye akiwa na fomu mpya, safi.

"Bibi, tusaidiane. Weka sahihi hapa, vijana watakubebea vitu, gari lipo chini."

"Nani ananitoa?"

"Hakuna anayekutoa, Bibi. Unahama."

"Kumbe. Na wewe umekuja na watu kumi na nyundo kunitazama ninavyohama?"

Guk aliangalia viatu vyake. Kisha akaamuru watu waanze na jikoni, kwa kuwa vya kuvunjika humaliza muda.

Hapo ndipo walipokosea. Kwetu mtu akihamia nyumba mpya, sufuria ya wali ndiyo hutangulia kuingia, kabla ya kitanda na kabla ya mwenyewe, na pale inapotuliwa ndipo nyumbani. Hakuna asiyejua. Lakini walikuwa na haraka, na mtu wa kwanza akatoka na sufuria ya chuma ya Bibi Geum-rye, wali wa asubuhi ukiwa ndani, akaitua katikati ya barabara.

Nyumba ikaifuata. Iliacha msingi wake bila kelele, ikapita langoni, ikainama kidogo chini ya nyaya za simu ili mitungi isidondoke, ikatua barabarani, sufuria ikawa tena jikoni mahali pake.

"Nani kaweka sufuria barabarani?" Guk akauliza.

Mmoja akanyoosha mkono.

"Mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza, bosi. Nilipitiwa."

Barabara ilikuwa imezibwa. Wakaipandisha sufuria kwenye lori, nyumba nayo ikapanda. Guk alipiga simu, akaambiwa mali yoyote iliyoshikiliwa ipelekwe makao makuu. Njiani askari wa barabarani aliwasimamisha, akamwandikia dereva karipio kwa kubeba mzigo uliozidi upana wa lori. Bibi Geum-rye alikaa barazani kwake mikono magotini, akiutazama mji.

Makao makuu sufuria iliwekwa mapokezi. Nyumba iliingia upande upande kupitia milango ya vioo na kutulia kati ya makochi na lifti. Karani wa zamu, Tak Yun-ju, aliitazama, akafungua daftari la wageni, akatoa kadi moja ya mgeni. Bibi Geum-rye akaitundika mlangoni.

Wafanyakazi walimzoea upesi. Kufika siku ya tatu, saa ya chakula walikuwa wanavua viatu kizingitini na kuketi kwenye sakafu yake yenye joto, wakila kimchi, kabichi yake ya kuchachusha, na kusifu mchuzi wake. Aliwalisha wote, hata mwanasheria wa kampuni, kwa sababu hakulelewa kumnyima mtu chakula. Alichodai ni kimoja tu: neno lake libaki kwenye fomu.

Yun-ju alilipeleka dai hilo juu. Aliporudi aliketi ukingoni mwa baraza.

"Bibi, wamekaa kikao. Wanasema wewe ndiye mfano bora wa kuhama kwa hiari. Nyumba imekuja yenyewe."

"Sufuria ilibebwa."

"Nimewaambia."

"Na aliyeibeba ana jina."

"Hilo pia nimewaambia, Bibi. Wanasema ukitia sahihi utakaa hapa maisha yako yote, hakuna atakayekuuliza."

Bibi Geum-rye alifuta kizingiti kwa kitambaa. Alikuwa na miaka sabini na minane, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo. Wiki hiyo kilima chetu kilikuwa kimesawazishwa, hata kisima. Iliniuma kukiona, na ilimuuma yeye zaidi, maana watoto wake wanne walizaliwa pale.

"Waambie sihami," akasema. "Nimetolewa. Nitakaa hapa nikiwa nimetolewa."

Ripoti ikapelekwa bila sahihi yake: familia arobaini na moja, zote zimehama kwa hiari.

Mwezi uliofuata wenye mitaji walikuja kutoka ng'ambo. Asubuhi hiyo wanawake saba wa darasa walifika wakiwa wamevaa nguo zao za sherehe, wakajipanga mbele ya nyumba pamoja na Mwalimu Pyo. Sisi wengine tulisimama nyuma yao. Wageni waliizunguka nyumba kama watu wanavyozunguka nguzo, lakini mmoja wao, mwanamke mrefu, alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima, akamuuliza Bibi kwa Kiingereza kama anapapenda hapa.

Bibi Geum-rye alishuka barazani, akanyoosha mgongo. Alijibu kwa Kiingereza, polepole, bila kumeza hata silabi moja.

"Kampuni hii ilinifurusha nyumbani kwangu tarehe kumi na nne Machi. Fedha ni zenu. Mimi ni Ma Geum-rye."

Anayetoa alikuwepo, anayetolewa alikuwepo. Mwalimu Pyo alivua miwani, akaipangusa, ikabidi aipanguse tena. Sijawahi kujivunia kuwa mtu wa Neungmal kama dakika ile.

Wageni walitazamana, wakatabasamu, wakapiga makofi. Yule mwanamke mrefu alimsifu kwa matamshi mazuri katika umri ule, akauliza kama kampuni ndiyo iliyomlipia masomo. Meneja aliyewaongoza akasema programu za namna hiyo zipo. Lifti ikafika, wakaingia wote, bado wanapiga makofi.