Makofi ya Kufunga Kiangazi

Kwanza yalisikika makofi. Mgeni anayeingia nchi ya Ukofi kwa njia ya mashariki huyasikia kabla hajaona bati la nyumba wala moshi wa jiko: pa, pa, pa-pa-pa, makavu, ya pamoja, kama mbao elfu zinazogongwa na fundi mmoja. Hudhani kuna harusi, akaharakisha hatua, mpaka akifika kilima cha mwisho agundue kwamba hakuna bibi harusi wala mcheza ngoma, ni watu tu waliopangwa safu juani, wanafanya mazoezi ya kufurahi.

Chini ya kilima hicho mji umekaa kama bakuli lililolambwa. Upande wa magharibi, ambako miti ilisazwa, wanaishi Wakwezi, ukoo unaotawala, nao wamejigawia vivuli kama watu wengine wanavyogawana mashamba: kila kivuli kina hati, kina mlinzi, na kikisogea na jua, mlinzi husogea nacho. Upande wa pili wanaishi waliobaki na jua. Katikati upo Uwanja, na kila kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, nchi nzima hukusanyika hapo kwa miezi mitatu kutazama sinema, kusikiliza muziki na kuangalia michezo ya kuigiza.

Zamani Uwanja ulikuwa wa watu wenyewe. Mtaa mmoja ukipika, mwingine uliigiza, wa tatu ulipiga tarumbeta, na sinema ilioneshwa juu ya ukuta mweupe wa ghala la mahindi. Kila mtu alikuja na mkeka wake. Mchezo ukipwaya, watazamaji waliinuka wakakung'uta mikeka kuelekea jukwaani, na mwigizaji alijua kwa vumbi lililomwingia puani kwamba ajirekebishe. Hapakuwa na hukumu nyingine, wala haikuhitajika. Lakini mwaka mmoja vumbi lilimfikia Mkwezi aliyekuwa akijisomea utenzi wa kujisifu, na kesho yake mikeka ikapigwa marufuku, mabenchi yakachimbiwa ardhini, na watu wakafundishwa kupiga makofi. Siku hizi sinema ni moja tu: Mtukuka Sombo, mtawala wa nchi, akifungua bomba la maji, bomba ambalo lilitoa maji siku ile ya kupigwa picha, halikutoa tena.

Makofi nayo yalitungiwa sheria. Mtukuka huyapokea akiwa amesimama, nje ya kivuli, juu ya jiwe jeupe mbele ya jukwaa. Akiketi kabla hayajakoma, amekiacha kiti cha utawala. Naye mwananchi, awe mkulima au askari, hawezi kuacha kupiga mpaka Kiongozi wa Makofi aweke mikono yake nyuma ya mgongo. Sombo mwenyewe ndiye aliyeitunga sheria hiyo alipokuwa waziri, kwa ajili ya ami yake aliyetawala wakati huo na ambaye alikuwa mgonjwa wa magoti. Ami alistahimili robo saa, akaketi. Jioni ile ile Sombo akaapishwa.

Kiongozi wa Makofi aliitwa Hamduni, mpasua mbao mwenye viganja vipana kama makasia. Hakuipenda kazi hiyo. Aliipokea kwa sababu ya dada yake Sikudhani, mwigizaji, ambaye kiangazi kilichopita alicheza nafasi ya kupe aliyekaa sikioni mwa ng'ombe akimshukuru kwa uvumilivu wake. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakwezi hawakucheka, na Sikudhani akafungiwa katika Ghala la Sauti, gereza lililo nyuma ya Uwanja. Mtukuka aliahidi kwamba kiangazi kizima kikipita bila dosari ya makofi, angemtoa.

Asubuhi ya siku ya kufunga, Hamduni alikwenda kupiga goti kwenye kivuli kikubwa kuliko vyote.

"Shikamoo, Mtukuka."

"Marahaba, Viganja. Mbona umekunja uso kama mdai?"

"Leo tunafunga, Mtukuka. Dosari haikutokea. Nimekuja kwa ajili ya dada yangu."

"Makofi yamekwenda vizuri mno," Sombo alisema huku akichokonoa jino. "Ndiyo maana hatoki. Nikimtoa, mwakani utanipigia kwa lipi? Mtu mwenye dada nyumbani hupiga makofi ya uvivu." Akageuka kwa Katibu Nyenyekeo, akicheka. "Liandike hilo, Katibu. Ni neno zuri."

Katibu akaliandika. Hamduni akashukuru, kama ilivyompasa, akarudi Uwanjani. Njiani hakumsalimia mtu.

Alasiri tarumbeta zikalia, waigizaji wakaigiza shibe, na Mtukuka akahutubia. Alipomaliza alitoka kivulini, akapanda juu ya jiwe na kuinua mkono. Hamduni akapiga kofi la kwanza. Nchi nzima ikafuata.

Dakika tano za mwanzo Sombo alitabasamu. Dakika ya kumi alibadilisha mguu. Ilipotimia robo saa akamtazama Hamduni, na Hamduni akamtazama yeye, viganja vikiendelea kama mtambo. Safu ya nne, Mama Chausiku mkaanga mihogo alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Pigeni jamani!" akapaza sauti. "Baba wa watu hajaridhika! Mwoneni anavyong'aa!"

Ni jasho lililong'aa. Kicheko kikapita chini chini benchi hadi benchi, na makofi yakapanda. Askari waliangaliana, lakini nao walikuwa na mikono miwili, na sheria haikuwasaza, kwa hiyo walitundika bunduki mabegani wakapiga. Nyuma ya Mtukuka, kivulini, binamu yake alitoa leso akaanza kukifuta kile kiti, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda chake.

Katibu akaja ameinama, makofi yakimkatikia mikononi.

"Weka mikono nyuma, Hamduni! Mzee anaanguka!"

"Wananchi bado wana furaha, Bwana Katibu."

"Furaha gani? Watu wanalia!"

"Ni furaha iliyozidi."

"Unataka nini, wewe?"

"Ufunguo wa Ghala."

Katibu alimwangalia bwana wake. Midomo ya Sombo ilikuwa imekauka na kupasuka. Akatikisa kichwa kukubali, mara tatu.

Sikudhani akaletwa amenyolewa, mkono mmoja ukikinga macho. Alisimama kando ya kaka yake, akatazama mabenchi, kisha viganja vya watu, ambavyo vingine vilikwisha kuchubuka.

"Basi, kaka. Nimetoka. Twende nyumbani."

"Mlikuwa wangapi mle?"

"Tulikuwa arobaini na mmoja."

Viganja vya Hamduni vikapunguza mwendo. Uwanja mzima ukapunguza naye, mpaka ikasikika pumzi ya Mtukuka, na magoti yake yakaanza kukunjika kwa matumaini. Kumpata dada yake ndilo jambo pekee alilolitaka Hamduni kiangazi chote, na sasa alikuwa ubavuni pake, akinuka unyevu wa ukuta. Ilibaki kuweka mikono nyuma tu.

Akapiga kofi jipya, zito kuliko la kwanza, na watu wakalipokea.

"Kaka," Sikudhani alisema, akionesha kwa kidevu kule kivulini, "huyu akiketi, yule mwenye leso ndiye atakayeinuka. Umemwona?"

"Nimemwona."

Akapanda hadi kwenye jiwe, mikono ikiendelea, akasimama uso kwa uso na mtu yule aliyekuwa akiyumba, karibu kiasi cha kuona chumvi ya jasho kwenye kope zake. Akasema kwa sauti ambayo hata binamu aliisikia, na leso ikasimama.

"Mtukuka, wewe umetuahidi mengi. Leo ngoja nikuahidi mimi. Mikono hii ikichoka, tutapiga kwa zamu, mtaa kwa mtaa, hata mvua zikianza, mpaka Ghala libaki tupu. Na yeyote atakayekikalia kiti hicho baada yako, naye hatutamnyima."