Kompyuta Isiyofunguka

Kalamu alikalishwa kwenye kigoda kati ya kochi na kabati la vyombo, sinia la vikombe mapajani, akaambiwa kwa upendo kabisa kwamba sasa anyamaze.

Ndivyo walivyofanya katika ukoo ule. Kila mwisho wa mwaka walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, wakamnunulia mmoja wao kitu kikubwa cha kumsogeza mbele. Mwaka mmoja cherehani, mwaka mwingine jokofu la kuuzia maziwa. Mwenye zamu hakuchagua wala kudokeza. Alikaa na sinia lake akiwasikiliza wenzake wakimjadili kana kwamba hayupo, na mwishoni alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu, kwamba amepokea. Sheria hiyo aliiweka bibi yao marehemu, baada ya mwanawe mmoja kuulizwa anataka nini, akasema, akapewa, kisha akasimangwa miaka nenda rudi kuwa alitaka makubwa. Bibi hakutaka mtoto mwingine aumizwe namna ile. Ilikuwa sheria ya huruma. Ila mwenye zamu akifungua mdomo kabla ya kikao kwisha, zamu yake imepita, na anarudi mwisho wa foleni, nyuma hata ya watoto walio bado shuleni. Hakuna aliyewahi kuthubutu.

Kalamu alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Jina walimpa utotoni, kwa kuwa hakuna ukuta wa nyumba uliosalimika mbele yake. Ofisini kwao kila mtu alikuja na kompyuta yake mwenyewe, na ya Kalamu ilikuwa kuukuu, inachemka kama birika. Akifungua ramani ya jengo zima, picha iliganda na feni ikalia mpaka wenzake wakageuka. Kwa hiyo alipewa vipande vidogo vidogo ambavyo mashine yake iliviweza: vyoo na ngazi. Wenzake walichora kumbi, madarasa, wodi. Yeye alichora choo cha chini, choo cha juu, na ngazi ya kutoka huku kwenda kule. Wenzake hawakumcheka, na hilo alilishukuru, lakini mwaka wa vyoo ulifuatwa na mwaka mwingine wa vyoo.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu mwema. Wiki ile alimwita akamwambia, "Kuna hospitali inakuja. Ningependa uichore wewe, yote. Mkono unao. Ila Jumatatu uje na mashine ya kuibeba."

Na zamu ya ukoo ilikuwa imemfikia mwaka huohuo! Kalamu aliona kama mbingu zimemsikia. Sasa alikuwa kigodani, sinia mapajani, akiona zinavyojifunga tena.

"Tazameni wenyewe," alisema Meneja, akizungusha simu yake yenye kioo kilichopasuka. Meneja alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi. Hakuwa akimsimamia mtu yeyote. Aliuza bima mlango kwa mlango, ila tai haikumtoka shingoni hata siku ya mapumziko. "Laptopu mbili, bei moja. Hii ya kwanza ni bati tupu la fedha, nyembamba kama sahani, ukiifunga huoni hata mstari. Hii ya pili..." Alikunja uso. "Hii ni tofali lenye kibodi."

Watu walicheka. Kalamu naye alicheka kidogo, kwa adabu. Zote mbili alizijua, na tofali ndilo alilolitaka. Tofali lilikuwa na kumbukumbu, ile nafasi ya kubebea ramani nzito, mara mbili ya ile sahani, na chini yake lilikuwa na skrubu za kawaida. Mwaka ambao programu za kuchorea zingenenepa, kama zinavyonenepa kila mwaka, mtu angechukua bisibisi, akafungua, akaongeza. Ile sahani kumbukumbu yake ilikuwa imelehemiwa ubaoni moja kwa moja. Ulivyoinunua ndivyo utakavyoizika. Na kwa hospitali nzima, ilikuwa ndogo tangu siku ya kwanza.

"Bei moja kweli?" aliuliza Baba Mkubwa kutoka kwenye kiti cha mikono. Alikuwa kaka wa marehemu baba yake Kalamu na ndiye aliyeongoza kikao. "Tofali na sahani bei moja? Mtu anauzaje mzigo mzito kwa bei ya kitu kizuri?"

"Eti kwa sababu ndani kuna vitu vingi, Mjomba. Lakini vya ndani nani anaviona? Kitu cha bei lazima kionekane cha bei. Kalamu anakutana na wenye majengo, watu wazito. Akitoa tofali mezani, watasema huyu nyumba zake zitafananaje?"

"Mbona nyumba zinajengwa kwa tofali?" alisema Mama yake Kalamu taratibu.

Kicheko kikapasuka upya, na Kalamu akamtazama mama yake kwa shukrani. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameolewa katika ukoo ule na kwenye vikao vyake alisema maneno machache, kama mgeni anayeogopa kumaliza sukari ya wenyeji. Kwa siri, wakiosha vyombo, Kalamu alikuwa amemnong'oneza kitu kimoja tu: ile inayofunguka, Mama. Hata hilo lilikuwa kuvunja sheria.

"Mimi nimesikia," Mama aliendelea, akinyoosha gauni magotini, "kwamba zipo zinazofunguka na zisizofunguka."

"Umesikia wapi, wifi?" Shangazi, mama yake Meneja, alimkazia macho.

"Aa, huko... kwa watu."

"Watu gani hao wanaozungumza kompyuta na fundi cherehani?"

Mama akababaika. Kalamu akainamia vikombe.

"Naomba niulize tu," Mama alisema. "Hiyo nyembamba, haina upindo? Mimi nikimshonea mtoto sare, ndani naacha kitambaa cha kushushia akirefuka."

Ndilo lenyewe! Kalamu nusura aruke. Mama yake, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alikuwa amelishika jambo lote kwa ncha ya sindano.

"Mkazamjomba," Meneja alisema kwa upole, "hii ni laptopu, si sare ya shule. Hairefuki."

Basi. Mama alirudi nyuma kwenye kochi, na vidole vyake vikaanza kukunja na kukunjua pindo la mtandio.

"Na hilo la kufunguka mniachie mimi," alisema Baba Mkubwa. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote. "Lori langu boneti lilifunguka vizuri sana. Nikiliacha gereji asubuhi, jioni narudishiwa lori lenye sauti ngeni. Wamechomoa pampu yangu nzima, wametia mbovu ya mtu! Kitu kikifunguka kwako, kinamfungukia na mwizi. Huyu mtoto apewe kilichozibwa. Hata fundi akitaka kumwibia, aanzie wapi?"

Wote waliitikia kwa vichwa. Kalamu alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Hakuna aliyesema neno la ubaya. Mzee wa watu alikuwa anamlinda na wezi wa gereji.

Ndipo Shangazi akavua miwani. Alikuwa muuguzi, na macho yake yalizoea kuona ambacho mtu hakisemi.

"Mimi sijui mambo ya ndani ya mashine," alisema. "Nitasema nilichokiona. Juzi Kalamu alikuja kwangu kuoga, maji yamekatika kwao. Nikampelekea taulo. Begani ana alama ya mkanda wa begi, nyekundu, imeingia mpaka kwenye nyama. Mtoto anabeba chuma kila siku na hajalalamika hata mara moja. Mimi sikubali tumnunulie chuma kingine. Apewe nyepesi, mwanangu apumzike."

Kalamu alihisi joto likimpanda mpaka masikioni. Alama ile alikuwa ameizoea mno hata akaisahau, na kumbe kulikuwa na mtu aliyeiona na kukaa nayo moyoni. Angewezaje kumchukia mtu wa namna hiyo? Afadhali wangekuwa wachoyo, wangekuwa wakali. Mtu aliyefungiwa na maadui hupiga mlango kwa mateke. Yeye mlango wake ulikuwa umeegemewa na Shangazi.

"Basi tumefika," alisema Baba Mkubwa. "Nyembamba. Meneja atakwenda dukani kesho. Kalamu, mwanangu, umepokea?"

Wote wakamgeukia, nyuso zinang'aa. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa.

Akawaza Jumatatu. Angeiweka ile sahani mezani, Mkuu angeisifu, angefungua hospitali, na picha ingeganda. Mwaka kwa mwaka angekwenda nayo kwenye kila kikao, wamwulize, vipi, inakufaa? Naye aseme, inanifaa sana, Shangazi. Michango yao yote imelala ndani ya kopo zuri lisilofunguka, na juu yake uongo. Shingo ilikataa. Aliiamuru, ikakataa.

"Kalamu?"

"Hapana," alisema Kalamu.

Sauti yake ilimshtua mwenyewe. Vikombe viligongana sinieni.

"Ee Mungu," alisema Mama.

Kwa kuwa yalikwisha mwagika, akayasema yote. Aliwaambia habari za vyoo na ngazi, ambazo hajawahi kuwaambia kwa aibu. Aliwaambia juu ya hospitali. Aliwaambia juu ya kumbukumbu iliyolehemiwa, na kwamba Mama alikuwa amesema kweli tupu, ile nyembamba haina upindo. "Shangazi, bega litapona," alisema. "Ningebeba hilo tofali nikiimba."

Shangazi aliirudisha miwani usoni, kisha akaivua tena.

"Tungejuaje?" alisema mwishowe, kwa uchungu.

"Msingeweza kujua. Sikuruhusiwa kusema."

Baba Mkubwa alijikuna kidevu. Ilionekana wazi kuwa jambo lile linamuuma, na ilionekana wazi pia kuwa hataligeuza. "Marehemu mama yetu aliacha sheria yake," alisema polepole. "Nikiivunja kwako leo, mwakani wataniletea orodha za mahitaji. Zamu yako imepita, mwanangu. Utarudi mwisho. Anayefuata nani?"

"Mimi," alisema Meneja kwa sauti ndogo.

"Chukua sinia."

Kalamu akainuka, akamkabidhi sinia. Meneja akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kifuani, tai imelala juu ya vikombe. Maneno yake yote yaliishia hapo. Baba Mkubwa akamwonyesha Kalamu nafasi kwenye kochi, pembeni ya mama yake.

"Sasa wewe ni mjumbe kama sisi. Huyu naye anahitaji laptopu, tunajua sote, ile yake imebakiwa na vitufe vya kuhesabu kwa mkono mmoja. Na katika chumba hiki wewe ndiye mwenye kuzijua. Tumnunulie ipi?"

Hilo hakulitegemea. Baada ya kupoteza, ndipo anaulizwa.

Na papo hapo wazo likamjia, wala si zuri. Akisema tofali, watamnunulia Meneja tofali. Meneja hatalitaka. Atahangaika nalo siku moja, atalichukia, kisha atakuja mwenyewe kumwomba binamu yake wabadilishane, kwa chochote. Hospitali ingepona. Neno moja tu.

Akamtazama Meneja. Meneja alikuwa anamkodolea macho, mdomo umebanwa, jasho juu ya paji. Kalamu aliyafahamu macho yale. Dakika chache zilizopita yalikuwa yake. Akakumbuka kwamba mwezi mzima binamu huyu alikuwa akipita dukani baada ya kazi kushika kompyuta moja moja mkononi kwa niaba yake, na kwamba mbele ya wateja aliifunika ile yake mbovu kwa gazeti. Alikuwa amemchagulia Kalamu kile alichokitamani yeye mwenyewe. Hakuwa na kizuri zaidi cha kumpa.

Kazi ya Meneja ilikuwa barua na mahesabu mepesi, kupita nyumba za watu, kukaa mezani mwao akaaminika. Kwa kazi hiyo ile sahani haikuwa na kasoro hata moja.

"Nyembamba," alisema Kalamu. "Ya fedha. Inamfaa sana."

Meneja aliitikia kwa kichwa kabla hajaulizwa. Aliitikia mpaka vikombe vikaimba, na watu wakacheka, na wa kwanza kucheka alikuwa Mama. Shangazi hakucheka. Alikuja akakaa upande wa pili wa Kalamu, akamwekea mkono begani, akauondoa haraka kama aliyekumbuka, akauweka mgongoni.

Jumatatu Kalamu alimwambia Mkuu kwamba mashine hajapata. Mkuu alisikitika kweli. Alipitia orodha ya wachoraji wake, kama anayetafuta njia, halafu akampa hospitali kijana wa meza ya dirishani. Baada ya chakula cha mchana, kipande cha Kalamu kikamfikia: vyoo vya wagonjwa, ghorofa ya kwanza.

Akafungua kompyuta yake, akangoja feni itulie. Akachora kuta. Alipofika mlangoni, alisita, mkono juu ya kipanya. Kwa kawaida mlango wa choo waliuchora ukifungukia ndani. Akafikiri juu ya mgonjwa aliyeanguka sakafuni nyuma ya mlango, mwili umeuzuia, na muuguzi nje anasukuma asiweze kuingia. Akaufuta, akauchora upya ukifungukia nje. Kisha akaenda kwenye unaofuata.