Tabaka la Mgeni

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kukatia, juu kidogo ya ndoo ya maji ya kunywa, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuliona. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinaleta mashine ya kukata vitambaa inayoendeshwa kwa kompyuta. Meza ndefu ya wakataji ingeng'olewa. Wakataji wawili tu wangebaki kuiendesha mashine hiyo, nao wangepatikana kwa mtihani wa kupima uwezo. Wengine wote wangehamishiwa kufungasha.

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu, alilisoma tangazo hilo akiwa na chaki mkononi, akarudi nyumbani nayo bila kujua. Kiwandani wanamwita Mkasi. Nyumbani hakuna athubutuye kumwita hivyo isipokuwa kaka, ambaye ni kinyozi, na ambaye hudai kwamba katika ndoa ile mkasi halisi ni wa kwake.

"Shemeji," aliniambia jioni hiyo, huku akiiweka ile chaki juu ya meza yetu ya kulia, "wewe si mwalimu wa hesabu? Mtihani una sehemu ya misingi ya programu. Nifundishe."

"Programu za kompyuta?"

"Za redio ningemwuliza kaka yako. Yeye ndiye hulala akizisikiliza."

Kaka, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, alifungua jicho moja. "Mwache mwalimu wa watu. Kufungasha kuna ubaya gani? Unakunja, unatia mfukoni, unapumzisha mgongo."

"Siidharau kazi ya mtu," alisema shemeji. "Lakini huko nitapokea shati limekwisha kuwa shati. Mimi nimezoea kulijua tangu likiwa kitambaa."

Alisema maneno hayo bila kupandisha sauti, na hakuyarudia tena. Tangu hapo sote tulijua alichokuwa anakiogopa.

Nilipanga masomo kama ninavyoyapanga darasani: kwanza vigeu, kisha masharti, kisha mizunguko, na mwisho mazoezi ya kuchanganya. Kila alasiri, akishatoka kazini na kunawa, tulikaa mezani pale kabla jua halijaondoka dirishani. Kwa vigeu nilitumia makopo matupu ya maziwa. Nilibandika jina juu ya kila kopo, nikatia vifungo ndani. Nilimweleza kwamba kompyuta ikiambiwa iweke vifungo saba ndani ya kopo lililokuwa na vitano, vile vitano hutolewa kwanza, wala haivikumbuki tena.

"Haina fadhila," alisema. Lakini alielewa, na hakukosea hata zoezi moja.

Masharti yalimfurahisha zaidi. Nilimwandikia: kama kitambaa kina mistari, linganisha mistari; la sivyo, tandika moja kwa moja. Alicheka. "Kumbe kompyuta ni msimamizi wetu mtupu. Umeumwa hukuumwa, yeye anaangalia saa. Umechelewa, nenda kulia. Hukuchelewa, nenda kushoto. Uso wako hauangalii."

Nilianza kuamini kwamba tungefika mapema. Ndipo tulipoingia kwenye mizunguko.

Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi: anza na sifuri; rudia mara nne, kila mara ongeza mbili; umepata ngapi? Aliinama, akahesabu kwa midomo, akaandika kumi.

"Nane," nilimwambia.

"Nane," alikubali. "Nimeteleza."

La pili aliteleza vilevile, na la tatu. Kila ulipotakiwa mzunguko wa mara tano, yeye alizunguka mara sita. Palipotakiwa kumi, alikwenda kumi na moja. Nilimchorea jedwali, mstari mmoja kwa kila mzunguko, nikamtaka alijaze polepole. Alilijaza vizuri kabisa. Kisha, chini ya mstari wa mwisho, mkono wake ukachora mstari mwingine, nao ukaujaza.

"Na huu ni wa nini?" nilimwuliza.

Aliutazama kana kwamba ameandikiwa na mtu mwingine. "Huo ni wa juu," alisema.

"Wa juu ya nini?"

"Tabaka la juu, shemeji. La mgeni."

Hapo ndipo aliponieleza. Mkataji hutandika kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, kisha hukata matabaka yote kwa kisu cha umeme mara moja. Tabaka la juu kabisa ndilo huchorwa chaki, ndilo hushikwa na mikono yenye jasho, na ndilo kisu hulivuta kwanza. Mara nyingi huharibika. Kwa hiyo oda ikisema arobaini, hutandikwa arobaini na moja. Oda haisemi hivyo, wala msimamizi hasemi. Lile la ziada huitwa la mgeni, kama chakula unachokiongeza chunguni kwa ajili ya mtu ambaye hujui kama atapita.

"Hatuambiani," alisema, "na hakuna anayesahau."

"Lakini kompyuta haiharibu mzunguko wa juu."

"Najua. Kichwa kinajua." Aliinua mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku. "Huyu ndiye hasikii."

Siku moja shule ilifungwa mapema, nikampitia kiwandani. Msimamizi aliniruhusu nimsubiri mlangoni mwa chumba cha kukatia. Nilimwona shemeji akitembea kando ya meza, jora likifunguka nyuma yake, akifika mwisho, akilainisha ukingo kwa kiganja, akirudi. Alikuwa akizungumza na mwenzake juu ya bei ya sabuni, wala hakuonekana kuhesabu chochote. Alipofika alipotakiwa kufika, aliongeza tabaka moja, akalipiga kiganja, akaacha. Mazungumzo hayakukatika hata kwa neno moja. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa namna ya kusahihisha fikra ya mwanafunzi. Niliposimama mlangoni pale nilitafuta, na sikukumbuka kwamba niliwahi kufundishwa kusahihisha mkono.

Hata hivyo tuliendelea. Nilimtungia mazoezi mengi zaidi, tukaenda pia katika duka la kuchapishia karatasi karibu na stendi, kwa kuwa mtihani wenyewe ungefanywa kwenye kompyuta na ilibidi azoee kipanya. Aliandika jibu, kioo cha kompyuta kikaandika kwa rangi nyekundu: si sahihi. Akaandika jingine, kikaandika vilevile. Mwenye duka alijifanya anapanga bahasha.

"Inasema polepole," shemeji alininong'oneza. "Ingekuwa binadamu ingekwisha kunitukana."

Katika mazoezi hayo lilikuwamo moja la namna nyingine. Liliagiza: hesabu kuanzia sifuri hadi tatu, na tatu ikiwemo, kwa kila hesabu andika neno moja, yatakuwa maneno mangapi? Wanafunzi wengi huandika matatu, kwa sababu husahau kwamba sifuri nayo ni hatua. Shemeji aliandika manne, na kioo kikawa kijani.

Alinigeukia kwa furaha. Nami, kwa kupenda utaratibu, nilimwambia kwamba hapo mazoea yake yamekutana na jibu njiani tu. Tumalize kwanza ugonjwa wenyewe, kisha tutalirudia swali la namna hiyo kwa nafasi yake. Aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi mwema, tukapita.

Dawa ilipatikana kwa kaka, naye aliitoa kwa mzaha. Alikuwa akinyoa ndevu zake mwenyewe mbele ya kioo cha sebuleni, akitusikia tukihangaika. "Mke wangu," alisema, "mbona rahisi. Ukifika mwisho, mfukuze huyo mgeni. Mwambie leo hatupiki."

Shemeji alicheka, lakini zoezi lililofuata alilifanya akinong'ona mwishoni: hakuna mgeni. Akaandika jibu. Lilikuwa sahihi. Akanong'ona tena katika lililofuata, nalo likawa sahihi. Alasiri ile alifanya ukurasa mzima bila kosa, na sauti yake ikazidi kujiamini kila mstari. Kaka aliinua wembe kama bendera. Nami nikaona kwamba somo limeingia, nikamwagiza anong'one hivyo kila siku, kila mahali, mpaka mkono usikie.

Siku ya kuamkia mtihani alirudi akiwa amekawia. Hakwenda kunawa. Alikaa mezani na mtandio wake begani, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja chini.

"Shemeji," alisema, "umesikia."

"Nini?"

"Mkono."

Walikuwa wameletewa oda kubwa ya sare. Alitandika kama kawaida yake, akizungumza na mwenzake, wala hakuhesabu. Mkono ulifika, ukalainisha ukingo, ukaacha. Kisu kilipopita, tabaka la juu lilivutwa, likachanika kwapani na kolani. Kwa kuwa kila tabaka hutoa nguo za ukubwa wote, walipohesabu vipande oda ilipungukiwa nguo moja katika kila ukubwa. Rangi ile ya kitambaa ilikuwa imekwisha ghalani.

"Msimamizi amesema nini?"

"Alisimama tu, akaitazama meza, kisha akanitazama mimi. Miaka yote hajawahi kunitazama. Mwenzangu akaniuliza, 'Mkasi, mgeni yuko wapi?'"

Kaka hakufanya mzaha. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Sasa kesho nihesabu vipi?" aliniuliza. "Na mgeni, au bila mgeni?"

"Kwenye mtihani, bila mgeni. Mezani, na mgeni."

"Mikono ni hii hii," alisema.

Nilitaka kumpa kanuni. Nilichukua kalamu, nikavuta karatasi, nikaandika moja, nikaikata. Saa ya masomo ilikuwa imepita, na kila nililofikiria kulisema lilikuwa ni somo jingine. Mwisho nilimwambia apumzike, neno ambalo walimu hulisema wakiwa wameishiwa.

Mtihani ulifanywa asubuhi katika ukumbi wa kulia chakula wa kiwanda, meza zikiwa zimefutwa na kompyuta zimepangwa kwa safu. Mimi na kaka tulimsubiri nje ya lango, kando ya mama mmoja aliyeuza karanga. Kaka aliwahesabu wakataji waliokuwa wakiingia, akaanza tena, kisha akaacha.

Waliotoka mwanzo walikuwa wakicheka kwa sauti kubwa kuliko furaha yao. Shemeji alitoka katikati ya kundi, mtandio umekazwa, uso hauna habari. Matokeo yalikuwa yametolewa palepale, kwani kompyuta haihitaji siku ya kusahihisha. Wawili wamepatikana. Yeye amekuwa wa tatu.

"Kwa ngapi?" kaka aliuliza.

"Kwa swali moja."

Tulianza kutembea. Hakulia, wala hakutembea polepole. Tulipopita kituo cha mafuta alinivuta mkono wa shati, tukabaki nyuma mimi na yeye, kaka akatangulia.

"Shemeji, nikuulize. Hesabu kuanzia sifuri hadi tano, na tano ikiwemo. Ni hatua ngapi?"

Nilijua kabla hajamaliza. Barabara ilikuwa na watu, na nilitamani mmoja wao anisimamishe, anisalimu, aniulize habari za shule.

"Sita," nilisema.

"Nilihesabu sita," alisema. "Mkono ulihesabu sita wenyewe. Kisha nikanong'ona kama ulivyoniambia, nikafuta, nikaandika tano."

"Shemeji..."

"Kwa hiyo mgeni alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Basi." Alitikisa kichwa taratibu, si kwa kunilaumu, afadhali angenilaumu. Kulikuwa na maelezo ya kutosha juu ya sifuri, na juu ya tofauti ya kurudia mara tano na kuhesabu hadi tano, nami nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio wake. Nilianza la kwanza. Alinisikiliza kwa heshima mpaka tulipofika kona, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya kwenda mahali alikokwisha chelewa, nami nikanyamaza katikati ya sentensi.

Nyumbani, kaka alichemsha chai mwenyewe, akasema kufungasha si kufa, akasema mgongo utapumzika. Shemeji alimwitikia. Alikunja mtandio mara mbili, akaukunjua, akaukunja tena.

"Jumatatu," alisema, "kuna oda ya mwisho ya mezani, kabla hawajaing'oa meza. Msimamizi amenipa mimi niitandike. Sijui ananihurumia au ananipima. Ni thelathini." Alinigeukia. "Nitandike ngapi?"

"Tandika ulivyokuwa ukitandika siku zote," nilimwambia.

"Ndilo ninalokuuliza, mwalimu."

Alinyoosha mikono juu ya kitambaa cha meza, akakilainisha ukingo kwa kiganja, kama nilivyomwona akifanya kule kiwandani. Mkono ulifika mwisho wa meza, ukasita hapo, ukarudi nusu, ukasita tena. Sote watatu tuliutazama. Kaka aliweka vikombe. Mimi nilikuwa nikijua jibu la swali lile, thelathini na moja, na naye alikuwa analijua, na kulisema kusingeusaidia ule mkono chochote.

"Chai inapoa," alisema kaka.

Hakuna aliyeinua kikombe.